Tumejaza sheli barabara nzima, choo tumesahau

Nipo Houston mwaka wa tisa huu, naendesha semi, navuta mzigo barabara kuu ya I-10 kwenda San Antonio na kurudi, kwa hiyo masuala ya sheli naomba mniachie mimi. Sasa huku Texas kuna sheli moja ambayo ndugu akija kutembea lazima apelekwe, kama mgeni Dar anavyopelekwa feri kuona samaki. Inaitwa Buc-ee's, nembo yake mnyama fulani kama panya buku wa majini, meno nje, kofia kichwani.

Walianza 1982 mji mdogo wa Lake Jackson, duka na pampu basi. Wakakaa humohumo Texas zaidi ya miaka 35, ndo 2019 wakavuka kwenda Alabama, na tangu hapo hawajatulia, Georgia, Florida, Tennessee, Kentucky, mpaka Colorado, 2025 wakaingia Mississippi na Virginia. Ile ya Luling, hapo kwenye njia yangu, waliifungua upya 2024, futi za mraba 75,000, yaani chukua uwanja wa mpira uuezeke wote halafu nje weka pampu 120. Ukiingia kuna jamaa katikati anakatakata nyama ya kuchoma, kila kipande kipya kikipanda mezani wafanyakazi wote wanapiga kelele kutangaza, mara ya kwanza nilidhani kuna mtu kaibiwa.

Lakini mimi nasema kilichowakuza siyo nyama wala wese. Ni choo. Msicheke. Wanaweka mabango barabarani mamia ya maili kabla hujafika, wanakutania kwamba jikaze, bana tu, choo chetu kinakuja. Na ukifika kweli kila choo ni kachumba kake, ukuta mpaka chini, juu ya mlango kuna taa, kijani ingia, nyekundu kuna mtu. Usafi unafanyika muda wote, saa 24. Watu wanaingia wamebanwa wanatoka na mifuko miwili ya bisi za karameli na fulana ya panya buku. Ndo biashara yenyewe hiyo, kwenye mafuta faida huku ni senti, hela iko ndani dukani, na mtu haingii ndani kama hana sababu ya kuingia, choo ndo sababu.

Sasa turudi kwetu. Nilikuja likizo, nikampeleka mama Dodoma kwa basi. Kutoka Chalinze mpaka Morogoro nilihesabu sheli nikachoka, mpya kabisa, taa, bati zinang'aa. Basi halijasimama hata moja. Tumepita Dumila, tunakaribia Gairo, konda anasimama anatangaza "wa kuchimba dawa dakika tano", porini, wanaume upande huu wanawake upande ule. Mama yangu ana magoti, hawezi kuchuchumaa. Wakashuka naye akina mama wawili hatuwajui hata majina, mmoja akamshika mikono, mwingine akatanua khanga kumkinga na barabara, na magari yanapita yanapiga honi. Nilikaa kwenye siti nikaangalia upande mwingine.

Kwenye sheli moja baadaye nikauliza choo, dada wa pampu kaniambia kipo ila ufunguo kaondoka nao bosi. Yule dada simlaumu, kutwa juani na ovaroli, na mshahara wake hata shoga yake hajui ni kiasi gani. Buc-ee's wanaubandika mlangoni, bango kubwa, kwa saa unalipwa kiasi gani kuanzia keshia mpaka meneja, mteja anasoma kabla hajaingia.

Na hapa ndo sielewi wenye sheli wetu. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, kila mwezi wanatangaza bei kikomo ya mafuta, ukiacha tofauti ndogondogo wese ni bei ileile kwa huyu na kwa yule, sasa unamvutaje mteja kama siyo kwa choo na chai ya moto? Najua mtaniambia treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024 na choo kimo. Sawa, na anayekwenda Singida je?

Ila nisiwapambe sana hawa. Buc-ee's malori ya matairi 18 marufuku, kwa hiyo mimi ninayelala barabarani naiona kwa mbali, naingia tu siku ya mapumziko na gari ndogo na watoto. Kwetu dereva wa lori ni mfalme, mama ntilie anajua unakula nini kabla hujazima injini, tingo wako anajulikana kwa jina kuanzia Chalinze mpaka Kibaigwa. Huku naoga kwenye vituo vya malori kwa kuitwa namba.

Juzi nimempigia mama, shikamoo, marahaba, anajiandaa kwenda msibani Singida, kesho yake alfajiri. Nikamuuliza basi gani, kanitajia. Nikauliza linasimama wapi njiani.

"Sijui mwanangu, ila mimi maji nimeshaacha kunywa tangu mchana."