Gari kuwa juu siyo four wheel

Tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa: HARRIER TAKO LA NYANI, FOUR WHEEL, MVUA HAIKUHUSU. Tako la nyani ni jina la mtaani la Toyota Harrier ya toleo la pili, na four wheel ni gari ambayo injini inaweza kuzungusha matairi yote manne. Picha ya saba muuzaji kafungua boneti tuone injini ilivyooshwa, na ukiivuta karibu, kibati cha modeli kinasomeka bila miwani: ACU30W. Maana yake ni two wheel, gari inavutwa na matairi mawili ya mbele, sawasawa na IST ya jirani. Mtu kapiga picha ushahidi dhidi yake mwenyewe, kaubandika, na chini watu wanamwaga alama za moto.

Basi tuelewane kwenye hivyo vibati. Harrier hiyo ya injini ya lita 2.4: ACU30 ni two wheel, ACU35 ndiyo four wheel. Anaconda, yaani Harrier ya toleo lililofuata, ya 2.0: ZSU60 ni two, ZSU65 ni four. RAV4 iliyotoka mwishoni mwa 2005 kuja mbele: ACA36 two, ACA31 four. Vanguard ya 2.4: ACA38 two, ACA33 four. X-Trail T31 ikianza na N, yaani NT31, ni four. Kibati kikiwa kimefutika, tandika gazeti ulale chini ya gari kwa nyuma. Four wheel ina difu (boksi la chuma lenye gia) katikati ya matairi ya nyuma na propela shafti inayotoka mbele kuifuata. Ukikuta bomba la ekzosi na uwazi tu, hiyo ni two wheel, hata dalali aape kwa mama yake.

Na two wheel siyo dhambi! Kwa anayetoka Tabata kwenda Posta, ndani ya Dar, ni nafuu: vitu vya kuharibika ni vichache na mafuta yanapungua kidogo. Kinachoudhi ni kumlipisha mtu bei ya kitu ambacho hakipo, halafu aende nacho kwenye tope la Madale mwezi wa nne, mvua zikimwagika.

Ukiwa na four wheel ya kweli, nayo ina masharti yake ambayo hayaandikwi kwenye tangazo. La kwanza ni matairi. Mfumo unategemea matairi manne yazunguke sawa. Ukifunga mapya mawili mbele ukaacha vipara viwili nyuma, tairi dogo linazunguka haraka kuliko kubwa, na kifaa cha kugawa nguvu kinafanya kazi ya kusawazisha muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka. Kinachemka, kinakufa. Kwenye Subaru Forester kipimo kinachofuatwa ni tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi kama milimita 6, ambayo ukiigeuza kuwa kina cha kashata, yaani meno ya tairi, ni milimita 1 tu. Milimita moja! Ndiyo maana Forester iliyofungwa tairi nne za makampuni manne inaruka-ruka ukikata kona kali kwenye maegesho, na fundi anakwambia ni shokapu. Tairi lenyewe kwenye Harrier ni 225/65R17; ulizia bei yake dukani, kisha ulizia 195/65R15 ya Premio, halafu zidisha tofauti kwa nne, kwa sababu four wheel haibadilishiwi tairi moja moja kama bajaji.

La pili ni oili ya difu ya nyuma, ambayo wengi hawajui kama ipo. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, umebaki na difu kavu na gari haiondoki gereji.

Haya, wapenda gari za juu tukubaliane nao kwa moja: matuta. Matuta yetu yanajengwa na watu wenye kinyongo, na mwenye Harrier yenye uwazi wa karibu sentimita 19 anapita pale ambapo sedani inaacha sampo, bakuli la oili chini ya injini. Wazee wanapanda na kushuka bila kuugulia. Sawa. Hapo wameshinda.

Ila ukiwapa sentimita 19 wanataka 22. Anaenda kufungiwa spesa juu ya shokapu, gari inanyanyuka kweli, anapiga picha. Hakuna anayemwambia kwamba shafti za mbele sasa zinatoka gia boksi kwa mteremko mkali zaidi. Buti la sivi jointi (mpira unaofunika kiungo cha shafti) linakaa limejikunja, linachanika, grisi inarushwa kwenye rimu kwa ndani, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia ka-ka-ka-ka ukikata kona. Usipofanya alaimenti siku hiyo hiyo, tairi zinalika upande mmoja. Taa nazo zimeinuka, zinammulika dereva wa bajaji usoni, na nati ya kuzishusha iko palepale nyuma ya taa, haijawahi kuguswa.

Tukija kwenye maji ndipo ujuu unapogeuka kuwa mtego. Jangwani ikijaa, mwenye Passo anageuza. Mwenye SUV, yaani hizi gari za juu, anajiona yuko juu, anakanyaga mafuta, na mwendo wake mwenyewe unasukuma wimbi hadi juu ya boneti. Ea klina ya gari hizi inavuta hewa mbele, karibu na usawa wa taa. Maji yakiingia kwenye silinda, pistoni ikipanda haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi, mkono unaoisukuma pistoni. Ikizima ndani ya maji, usipige staata tena. Rudia: usipige. Ivutwe, plagi zote zitolewe, injini izungushwe bila plagi hadi maji yaruke yote nje, kisha oili ichunguzwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote. Na ile difu ya nyuma ina kipumulio juu yake. Kama ilizama, oili yake nayo ikaguliwe.

Mafuta ya foleni ya Mwenge kwenye gari ya karibu tani 1.6 mtajaza wenyewe. Usalama wa aliye nje ya gari hausemwi kabisa, ingawa mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, IIHS, ilionyesha kwamba boneti iliyoinuka zaidi ya mita 1 ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuua mtembea kwa miguu. Na mtindo hautapungua: mwaka huohuo SUV zilikuwa asilimia 48 ya magari yaliyouzwa duniani, na mitumba ya kesho ndiyo hiyo.

Turudi kwenye tangazo letu. Picha ya tisa ni ya ndani, karibu na gia, na muuzaji kazungushia kitufe duara jekundu na kuandika "4WD HII HAPA". Kitufe kimeandikwa SNOW. Kazi yake ni kuifanya injini iitike polepole ukikanyaga mafuta, tairi zisiteleze kwenye theluji. Kibonyeze ukiwa kwenye tope la Goba, tairi mbili za mbele zitazunguka palepale, ila kwa upole.