Nyumba hii haiuz... wi

Kuta za Dar zimejaa NYUMBA HII HAIUZWI, kuwazuia matapeli, lakini mwandishi wa mabango huanza na herufi kubwa kama tangazo la sinema. Akifika HAIUZ, ukuta umekwisha. WI inabanwa chini, kando ya bomba. Jamani, si kuhesabu kwanza? Herufi 16 na nafasi 2, jumla 18: ukuta wa mita 3.6, kila moja sentimita 20. Piga uzi wa chaki, chora kwa penseli, ndipo upake rangi ya mafuta.

Rangi ya maji kwenye plasta yenye vumbi hubanduka, na chumvi ya mkojo huimalizia. USIKOJOE HAPA ikipoteza USI, inabaki KOJOE HAPA. Na wapita njia, watiifu hao, wanatii.