Barua ya mwalimu ilivyoniponza meno

Nilipangiwa fildi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huku Dodoma, ule msimu wa zabibu wa mwezi wa nane, mwalimu wangu wa chuo akaniandikia barua ya kunisifia kwa kizungu kizito, eti mwanafunzi huyu ni "assiduous". Nikaona safi, sifa ni sifa bana.

Msimamizi ni mzee wa Kigogo, wote pale wanamwita babu. Nikamwamkia mbukwenyi akafurahi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mpaka akafika kwenye hilo neno. "Asidi... asidiasi. Aaa, kumbe mjukuu mtaalamu wa asidi! Tulikuwa tunakutafuta!"

Sasa zabibu ikiiva sukari inapanda asidi inashuka, ila kifaa chao cha kupimia kilishakufa zamani wanapima kwa ulimi, kila kreti ikishushwa unatafuna chembe unasema imeiva au bado, na zile za mkulima aliyevuna mapema kisa ada za watoto acha kabisa, ile sio zabibu ni betri ya gari. Kufika mchana meno yote ganzi, hata ulimi nauhisi wa jirani. Bahati mama ntilie alipika ugali wa uwele na mlenda, mlenda hautaki meno, unateleza wenyewe.

Jioni nikatoa simu nimsomee babu maana halisi. Nikamwambia ni mtu asiyechoka kazini, Waingereza wanalitumia tangu miaka ya 1500, limetoka Kilatini, assidere, kukaa kando ya kitu, na shina hilohilo ndo limezaa "assessor", wale wazee wa baraza waliokuwa wanakaa na jaji mahakamani.

Weee! Kumbe babu alishawahi kuwa mzee wa baraza, kesi ya mauaji. Uso ukang'aa. "Kwa hiyo wewe ni wa kukaa!" Akavuta kigoda, akakiweka kando ya tangi la mvinyo unaochachuka, nilinde povu lisimwagike mpaka arudi.

Alirudi asubuhi.

Nikamuuliza kwa adabu, babu, si wazee wa baraza walikuwa wanapewa posho? Akaniangalia juu ya miwani: "Sisi tulikuwa tunatoa maoni. Wewe umetoa nini zaidi ya kukoroma?"