Jamani, Sikudukua Mtu

Kabla hamjaniita mdukuzi kwa mara nyingine, nisikilizeni na mimi. Yule bwana aliyewahi kurusha habari kwenye grupu ameandika kwamba nimeingilia mtandao wa familia yenye heshima zake, nikawafungia nje ya intaneti yao wenyewe. Kila neno aliloandika ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Ila ameruka sehemu inayomhusu: yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuchomoa waya, na alipanda ngazi mbio huku anacheka.

Mimi ndiye fundi wa jengo letu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, nilijipa. Printa ikigoma nipo, simu ikijaa nipo, na mzee wa ghorofa ya chini aliponunua intaneti mwaka jana ni mimi niliyeshuka na laptopu yangu kumfungia ruta, kile kisanduku kinachorusha intaneti ndani ya nyumba. Ilikuwa aina ileile ya kwangu, kutoka kampuni ileile. Nikamwambia, "Mzee, jina la mtandao na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio tutavibadilisha siku nyingine." Shikeni hapo hapo, msiachie.

Sasa, Jumamosi. Ruta yangu ikaniletea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu yake, lina marekebisho ya usalama. Mtu wa hadhi yangu hawezi kulala na toleo la zamani. Nikabonyeza. Ikaonya nisizime umeme, na hapo nilitii, kwa sababu ruta ikikatiwa umeme katikati ya kujiandika upya inaweza isiamke tena. Ikajizima, ikajiwasha, ikarudi imesahau kila kitu. Jina la mtandao limefutika. Nywila imefutika. Hata akaunti inayoiunganisha na kampuni ya intaneti imefutika, kwa hiyo taa ya intaneti ikawa nyekundu ikabaki hivyo. Mtandao wetu wa siku zote, unaoitwa NUNUA YAKO JIRANI (najua, najua, nitafika huko), ukatoweka kwenye simu zote za nyumbani.

Nilipaswa kutulia. Badala yake nikaanza kuchomoa na kuchomeka. Mtandao wa GHz 5, yale masafa ya kasi ya Wi-Fi, ulikuwa hautokei kabisa, nikajua ruta inakufa. Kumbe baadhi ya chaneli za GHz 5 zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na ruta inatakiwa isikilize kwanza kwa angalau sekunde 60 kuhakikisha haimwingilii mwenye rada, ndipo ianze kurusha. Yangu ilikuwa inasikiliza kwa adabu zake. Mimi kabla dakika haijaisha nachomoa. Nikichomeka inaanza kusikiliza upya, nachomoa tena. Mke wangu akauliza kama nimeshasoma maelekezo. Nikamjibu kwamba maelekezo yanaandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Nikafungua laptopu. Kwenye orodha ya mitandao kulikuwa na majina mawili ya kiwandani, yale ya herufi na namba, yamefanana kila kitu isipokuwa herufi nne za mwisho. Nani anasoma herufi nne za mwisho? Laptopu ikajiunga yenyewe na mmoja wapo, tena bila kuuliza nywila.

Ninyi mnaosoma mmeshashtuka. Ruta iliyosahau kila kitu, laptopu imeingiaje bila nywila? Swali zuri sana. Mimi sikujiuliza. Mimi nilisema, "Alhamdulillahi."

Nikaandika 192.168.1.1 kwenye brauza, anwani ya kufungulia mipangilio ya ruta. Hapa niwape darasa dogo, ili angalau mtoke na kitu. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, kanuni yake iliandikwa 1996, na ruta nyingi mno duniani zimejipa hiyohiyo 192.168.1.1. Ukiiandika haikupeleki kwenye ruta yako. Inakupeleka kwenye ruta ambayo kifaa chako kimeungana nayo kwa wakati huo. Sentensi hii naijua kwa moyo. Nimewahi kuwafundisha wengine. Siku hiyo ilikuwa imelala.

Ukurasa ukafunguka, ule ule ninaoujua. Nikaandika admin, na nywila admin. Ikakubali. Sikushangaa, si imerudi kiwandani? Nikabadilisha jina la mtandao: NUNUA YAKO JIRANI. Nikaweka nywila yetu ya zamani. Halafu, kwa kuwa nimetoka kusoma habari za usalama, nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niinunue ruta: nikabadilisha na nywila ya admin, nikaweka ngumu, yenye alama. Nikabonyeza hifadhi.

Laptopu ikakatika, ikarudi. Televisheni ikarudi. Simu ya mama, simu ya mtoto, vyote vikarudi vyenyewe, maana kifaa hakijali ruta ni ya nani, kikikuta jina lile lile na nywila ile ile kinaingia. Nyumba nzima ikanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, kama ambavyo wasanii hufanya.

Mke wangu, ambaye hana cheti chochote cha mitandao, akasema, "Lakini taa ya ruta bado nyekundu."

Nikamwambia taa huchelewa kupata habari.

Baadaye kidogo mtoto akalalamika video zinakwama. Nikamkalisha chini. Nikamweleza kwamba GHz 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri lakini mwendo wake ni wa pole, na GHz 5 ina kasi ila ukuta unaichosha, kwa hiyo huenda toleo jipya limemhamishia kwenye masafa ya pole. Kila nilichosema ni sahihi, mnaweza kwenda kuuliza. Sikujua tu kwamba ukuta wenyewe ni sakafu yetu.

Simu ikalia. Mzee wa chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu shuka, intaneti imepotea ghafla, na binti yangu alikuwa katikati ya usaili wa kazi."

Nikashuka na yule bwana wa grupu, aliyekuja kwangu kuangalia mpira. Sebuleni kwa mzee kulikuwa na wageni. Wageni wengi, wa rika la mzee, wamekaa kwa mstari kama baraza la kuhukumu kesi. Binti alikuwa amehamia kwenye bando la simu, akamaliza usaili wake, sasa amesimama pembeni ya ruta mikono kifuani. Nikapiga magoti mbele ya ile ruta. Nikaikagua. Nikaigusa kuona kama ina joto. Taa zote zinawaka kijani, hata ya intaneti.

"Ruta nzima," nikatangaza. "Tatizo litakuwa kwenye simu zenu."

"Simu zote tano?" binti akauliza.

Nikatoa simu yangu nitazame hewani kuna nini. Na hapa, wakuu, naomba twende polepole, maana usiku nikifumba macho narudi hapa.

Simu yangu ilikuwa imeungana. Na NUNUA YAKO JIRANI. Vistari vimejaa vyote.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikainuka, nikaigeuza simu ili wageni waione, nikasema, kwa sauti ya kufundishia, "Mnaona hii? Leo nimesasisha ruta yangu. Huu ni mtandao wangu wa juu. Umepenya mpaka huku chini na nguvu zote!"

Mgeni mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. Mzee akavuta miwani akasoma jina taratibu, neno kwa neno. "Nunua. Yako. Jirani." Akaniangalia. "Jirani yupi?"

Nikajibu kwamba ni jina tu.

Binti hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaitazama ruta yao, halafu simu yangu, halafu ruta. Akasema, kwa upole kabisa, "Kaka, tuizime ya kwako tuone."

Nikamtuma rafiki yangu. Tukamsikia akipanda. Tukasikia mlango. Kisha akapiga kelele kutoka juu, "Nimechomoa!"

Wote tukaitazama simu yangu. Niliishika mkononi ikiwa katikati ya chumba. Vistari vimejaa. Nikasubiri. Nikaeleza kwamba wakati mwingine simu huchelewa kuonyesha. Tukasubiri. Mgeni mmoja akakohoa. Vistari vimejaa.

"Umechomoa ya umeme?" nikapaza sauti.

"Ya umeme! Imezima kabisa! Lakini mtoto anaendelea kuangalia video!"

Ndipo nilipohisi joto likianzia masikioni. Nikataka kusema kitu kuhusu chaji inayobaki ndani ya kifaa. Mdomo ulifunguka, nashukuru haukutoa neno. Binti akainama, akashika waya wa umeme wa ruta ya baba yake kwa vidole viwili, akaniangalia usoni, akauvuta.

Vistari vikaondoka.

Na kutoka juu, kupitia dirisha lililo wazi, ikaja sauti ya mwanangu mwenyewe, ikasikika jengo zima: "Babaaa! Umeiharibu tena!"

Mnadhani imeisha. Haijaisha. Binti akarudisha umeme, akasema simu zao sasa zinahitaji nywila mpya. Akashika simu ya mzee tayari kuandika.

"Nitaandika mwenyewe," nikasema.

"Itaje tu, wote wanahitaji."

Nikaangalia wageni. Kila mmoja ameshatoa simu, kidole hewani.

"Fundi," nikasema.

"Fundi. Halafu?"

"Hana."

"Fundihana..."

"Mpinzani."

Kimya. Mzee, ambaye sikio lake la kushoto si zima, akauliza, "Anasema nini?"

"Fundi hana mpinzani, baba," binti akapaza sauti. "Herufi ndogo zote?"

"Zote ndogo," nikasema.

Ya mgeni mmoja ikakataa, kumbe aliacha nafasi katikati, ikabidi niitaje upya kutoka mwanzo. Mgeni aliyeketi mwisho akauliza kama herufi ya kwanza baada ya 'hana' ni M au N. Huyo naamini alisikia vizuri tangu mwanzo. Kisha binti akajaribu kuingia kwenye mipangilio kwa admin na admin, ikamkatalia, akanigeukia. Nikaomba karatasi.

Yaliyofuata ni mafupi. Binti alirudisha kila kitu cha baba yake mahali pake kwa muda mfupi mno, akabadilisha na nywila ambazo mimi niliahidi kuzibadilisha siku nyingine. Akapanda kwangu, akatoa waya wa mtandao ambao umekaa kwenye boksi la ruta tangu siku niliyonunua, bado una kifungo chake cha plastiki, akauchomeka kwenye laptopu. Ukiunganisha kwa waya huwezi kujikuta kwa jirani, akasema. Akageuza ruta, akanionyesha kibandiko cha chini chenye jina la mtandao wa kiwandani na zile herufi nne za mwisho. Nilikoingia mimi ni kwa mzee, maana laptopu ilikuwa inaukumbuka mtandao wake tangu siku niliyomfungia. Tukapigia kampuni, wakatupa upya jina la akaunti na nywila, taa ikawa kijani. Mzee hakukasirika. Amekuwa tu akinisalimia "mpinzani" kila tukikutana kwenye ngazi. Usaili wa binti umepita, anaanza kazi mwezi ujao, kwa hiyo wale mnaosema nimemharibia maisha futeni hizo jumbe.

Jina la mtandao nimelibadilisha. Msiniulize limekuwa nini.

Kilichobaki ni printa. Haitaki kuungana tangu siku ile. Binti anasema toleo jipya limeiweka ruta kwenye WPA3 peke yake, ule ulinzi mpya wa Wi-Fi uliokuja 2018, na printa yangu ni ya kabla ya hapo, inaijua WPA2 tu, ulinzi uliotangulia, kwa hiyo dawa ni kuchagua ule mpangilio unaokubali zote mbili. Nikamwambia hilo naliweza mwenyewe. Akasema atapita jioni, na kabla hajafika nisiguse kitu. Mke wangu ameshaihamisha laptopu chumbani, na sijui ameiweka wapi.