Skripti ya kupekua mti wa Solidity: inaona nini, inapitwa na nini

Kuna ubishi hauishi kati ya watu wanaokagua mikataba mahiri (kontrakti, yaani programu zinazokaa kwenye blokcheni, zinazoandikwa kwa lugha kama Solidity): je ukae uandike skripti zako mwenyewe za kupekua mti wa sintaksia wa msimbo, au huko ni kujichosha bure maana zana kama Slither zipo, unaiwasha na inakuletea orodha ya matatizo. Mi niko upande wa skripti, ila wenzangu wengi wa upande huu wanazisifia kwa kitu ambacho haziwezi.

Kwa ambaye hajawahi kuugusa huo mti: kompaila ya Solidity, solc, kabla haijatoa baitikodi inausoma msimbo na kuupanga nodi ndani ya nodi, kontrakti ina fankisheni, fankisheni ina sentensi, sentensi ina wito na majina, hadi chini kabisa. Ukiiomba inakutolea mti wote kwa JSON, na JSON yenyewe ni ndefu balaa hata kwa kontrakti ndogo, ndo maana kuna maktaba kama py-solc-ast inayoigeuza kuwa objekti za Python unazoweza kuziuliza maswali. Unaandika node.children(filters={'nodeType': 'FunctionCall', 'expression.name': 'require'}) unapewa kila require iliyomo (sharti ambalo lisipotimia kazi inasimama), ukitaka kujua imekaa kwenye fankisheni gani unapanda juu kwa wazazi wake. Utundu wote ndo huo.

Sasa chukua mkasa wa waleti za kampuni ya Parity wa Julai 2017, zilipoibiwa ether (sarafu ya Ethereum) zaidi ya 150,000. Chanzo kilikuwa fankisheni moja, initWallet, inayoweka wamiliki wa waleti. Haikuandikwa public (iitwe na yeyote), haikuandikwa internal (iitwe kutoka ndani tu), haikuandikwa chochote, na Solidity ya wakati ule ukikaa kimya ilikuwa inahesabu ni public. Waleti nayo ilikuwa inapokea wito wowote isioutambua na kuusukuma kwenye laibrari kwa delegatecall (msimbo wa laibrari unaendeshwa juu ya data ya waleti), kwa hiyo mtu yeyote aliita initWallet akajifanya mwenye mali. Ukitafuta neno public kwenye faili kwa grep hiyo fankisheni huioni, kwa sababu neno halipo! Kwenye mti ipo wazi, kwani kompaila yenyewe imeshaijazia visibility (nani anaruhusiwa kuiita) kuwa public, na orodha ya modifaya zake (masharti yanayobandikwa kwenye fankisheni) ni tupu. Skripti ya mistari mitano hivi, nipe kila fankisheni ya public isiyo na modifaya na inayoweza kubadilisha data, ingeiweka mezani. Solidity 0.5.0 ilipotoka Novemba 2018 ikalazimisha visibility iandikwe, lakini kanuni inabaki: mti unaonyesha kile kompaila ilichoelewa, maandishi yanaonyesha kile mtu alichochapa.

Hapo watu wa skripti wanashangilia na kufunga mjadala. Ngoja kwanza.

Baada ya wizi ule initWallet ikawekewa modifaya, only_uninitialized, yaani ukishaweka wamiliki mara moja hamna kurudia. Endesha skripti ile ile kwenye msimbo mpya, initWallet inapita safi. Na Novemba mwaka huo huo fankisheni hiyo hiyo ikaleta balaa lingine, ether zaidi ya 500,000 zikagandishwa na hazijatoka mpaka leo. Ilikuwaje, ni kwamba laibrari yenyewe, ile ambayo waleti zote zilikuwa zinaitegemea, ilikuwa imekaa kwenye blokcheni kama kontrakti ambayo hakuna aliyewahi kuiwekea mmiliki, mtu akaiita moja kwa moja, modifaya ikamruhusu kihalali kabisa, akawa mmiliki, kisha akaiua. Msimbo ulikuwa na kinga na kinga ilifanya kazi kama ilivyoandikwa, tatizo lilikuwa kwenye hali ya kitu kilichoshawekwa hewani, na hali hiyo haimo kwenye mti hata uuchambue mwaka mzima. Kwa kweli Slither nayo isingejua kama kuna mtu ameiwekea wamiliki au la, kwa hiyo tusiisingizie skripti peke yake.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni hii: mti unajua umbo, haujui mwendo. Unaandika swali la kutafuta tx.origin (anwani iliyoanzisha muamala, si salama kumtambulia mmiliki) ndani ya require, unapata zote. Halafu kuna jamaa ameandika address a = tx.origin; na mistari mitatu chini require(a == owner), swali lako halimuoni. Au unatafuta delegatecall kama MemberAccess (nodi ya kitu.jina), unarudishiwa orodha tupu, unapumua, wakati proksi (kontrakti inayosukuma wito kwa nyingine) imeandikwa kwa assembly, lugha ya chini ndani ya Solidity, kama za maktaba ya OpenZeppelin, na humo delegatecall ni YulFunctionCall, nodi ya aina nyingine kabisa. Mi orodha tupu ndo inanitisha kuliko orodha ndefu, kwa sababu haikwambii kama kitu hakipo au swali lako ndo bovu. Dawa ninayoijua ni kuandika kontrakti ndogo yenye kosa lenyewe kwa makusudi na kuipitisha kwanza, swali lisipolikamata basi usiliamini kwingine.

Slither kwenye hilo imetangulia mbali. Nayo inaanzia kwenye mti huo huo wa solc, ila haiishii hapo, inaugeuza kuwa lugha ya kati inayoitwa SlithIR na kufuatilia data inatoka wapi inakwenda wapi. Mashambulizi ya kuingia tena (kontrakti inaitwa tena kabla haijamaliza wito wa kwanza) kama yale ya The DAO, mfuko wa uwekezaji uliokuwa kwenye Ethereum, Juni 2016, yanataka ufuatiliaji wa namna hiyo: kwenye fankisheni yake ya splitDAO hela ya gawio ilikuwa inatumwa kupitia withdrawRewardFor, ambayo inaita payOut kwenye kontrakti nyingine, na huko ndo kuna call yenyewe, wakati salio linafutwa baadaye, kule kwenye splitDAO. Ukiangalia splitDAO peke yake hiyo call huioni. Kuandika skripti ya kufuata mnyororo huo mwenyewe inawezekana, ila utakuwa unaijenga Slither upya, tena mbovu.

Kwa hiyo skripti ya nini? Ya maswali yasiyo ya dunia nzima. Timu yenu imekubaliana kila fankisheni inayogusa variabo ya salio lazima itoe iventi (taarifa kwenye logi), au hakuna kuita orako (kontrakti inayoleta data za nje kama bei) nje ya kontrakti moja maalum. Hamna zana ya jumla inayojua makubaliano yenu, na swali kama hilo kwenye mti ni kazi ya dakika chache. Vile vile ukipewa msimbo mkubwa usioujua, kabla hujasoma chochote unauliza nani anaita nani, kila jina limebeba referencedDeclaration inayokupeleka kwenye asili yake, unapata ramani ya pa kuanzia kusoma.

Vijikero vipo. Namba za src (zinazoonyesha nodi iko wapi kwenye faili) zinahesabu baiti sio herufi, kwa hiyo komenti ikiwa na herufi zisizo za kawaida na wewe unakata maandishi kama stringi, vipande vyote vya chini yake vinahama. Na lazima msimbo ukompaili, kwa toleo lake la solc, na dependensi zake zote zikiwemo. Ukishindwa kabisa kuna @solidity-parser/parser ya JavaScript, inasoma hata faili moja pekee bila kukompaili, ila hapo aina na referencedDeclaration sahau, unabaki na umbo tupu, na kwa ile initWallet ya mwanzo ingekwambia visibility haijaandikwa, kwamba maana yake ni public inabidi ujue mwenyewe.