Kikosi bila ndege: Namba 8, Sentry na hesabu ya Wedgetail tatu

Tarehe 28 Septemba 2021, Jeshi la Anga la Uingereza liliistaafisha rasmi Sentry, ndege ile yenye sahani kubwa ya rada mgongoni. Kikosi Namba 8 kilichokuwa kikiirusha kutoka uwanja wa Waddington kilibaki na jina, bendera na nembo ya jambia la Kiarabu lililomo alani, lakini bila ndege hata moja. Mrithi wake, Wedgetail, hakuruka kwa mara ya kwanza nchini humo hadi Septemba 2024. Katikati ya hapo, miezi mitano tu baada ya Sentry kuondoka, Urusi iliivamia Ukraine.

Tangu siku hiyo wabishi wamegawanyika. Wapo wanaosema Sentry ilikuwa imekwisha, na kuing'ang'ania kungekula fedha za ndege mpya. Wengine wanasema hakuna mtu mwenye akili anayebomoa nyumba kabla ya kujua atalala wapi. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi zinachanganya maswali mawili: kuistaafisha Sentry ni jambo moja, kupunguza Wedgetail kutoka tano hadi tatu ni jingine. La kwanza linateteka. La pili halitetekeki.

Tuanze na sababu ya kupandisha rada juu. Mawimbi ya rada huenda karibu mstari mnyoofu na dunia ni ya duara. Kwa kukadiria, upeo wa rada kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Antena ya manowari iliyo mita 30 juu ya maji inafika kilomita 22 na nusu hivi. Ndege ya adui inayokuja chini chini, mita 30 juu ya mawimbi, nayo ina upeo wake wa kiasi hichohicho, kwa hiyo zitaonana zikiwa kilomita 45. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, hizo ni dakika 3. Ukiiweka rada hiyo mita 9,000 angani, ndege ileile inaanza kuonekana kilomita 410 na ushei, na dakika zinakuwa 27. Kazi nzima ya vikosi vya aina hii ni kununua hizo dakika 24, kisha kuzitumia vizuri kwa kuwaelekeza marubani wa ndege za kivita wapi pa kwenda.

Kikosi Namba 8 hakikuzaliwa na kazi hiyo. Kiliundwa tarehe 1 Januari 1915, na kuanzia 1927 kiliishi Adeni kwa miaka arobaini, katika uwanja wa Khormaksar. Jambia la kwenye nembo limetoka huko. Ndege zake za kivita aina ya Venom zilishiriki vita vya Jabal Akhdar huko Oman mwishoni mwa miaka ya 1950, na baada ya Waingereza kuondoka Adeni mwaka 1967 kilihamia Muharraq, Bahrain, kikirusha ndege za kivita aina ya Hunter. Historia hiyo ni ndefu na ina machungu yake, lakini haihusiani na rada.

Rada ilikuja tarehe 1 Januari 1972, kikosi kilipoundwa upya huko Scotland. Kilipewa Shackleton 12, mashine za injini nne za pangaboi, ndugu wa ukoo wa Lancaster ya vita vya pili vya dunia. Chini ya tumbo zilifungwa rada aina ya APS-20, kizazi cha mradi wa Wamarekani wa miaka ya 1940. Nazo hazikuwa mpya: zilichomolewa kwenye Gannet za jeshi la majini. Msomaji wa mwambao wetu ana sababu ya kuikumbuka Gannet. Mwaka 1966 manowari Ark Royal na Eagle zilizirusha juu ya Mlango wa Msumbiji, zikitafuta meli za mafuta zilizokuwa zikielekea Beira kwa ajili ya utawala wa Ian Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Ndani ya Shackleton hapakuwa na kompyuta ya kufuatilia kitu. Mtumishi wa rada aliinama juu ya kioo kwenye giza, akaweka alama kwa penseli ya nta kila mstari wa rada ulipopita, akapima umbali kati ya alama mbili ili kujua mwendo na uelekeo, kisha akaisoma nafasi kwa sauti redioni. Juu ya bahari tulivu ilitosha kumnasa Mrusi anayeshuka kati ya Iceland na Scotland. Mawimbi yakichafuka, kioo kilijaa chengachenga. Juu ya nchi kavu ndiyo kabisa, kwa sababu kila kilima kilirudisha mwangwi wake. Safari zilipita saa 12, na makelele ya zile injini nne za Griffon yaliharibu masikio ya watu kiasi kwamba ukiziwi huo ulibaki ukibeba jina la ndege.

Ilitakiwa kuwa suluhisho la muda, ikadumu miaka 19.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza, na linawauma wanaodai kwamba pengo halina madhara. Ark Royal ilistaafu mwishoni mwa 1978 na Gannet za mwisho zikaondoka nayo, bila kitu cha kuziba nafasi. Shackleton hazikuweza kufika kila mahali. Mwaka 1982 manowari za Uingereza zilikwenda Falkland, kilomita zaidi ya 12,000 kutoka nyumbani, zikiwa hazina rada hata moja angani. Tarehe 4 Mei, ndege za kivita mbili za Argentina aina ya Super Etendard zilikuja chini chini na kurusha makombora ya Exocet. Moja liliipiga manowari Sheffield na watu 20 wakafa. Aliyezionyesha njia alikuwa ndege nzee ya doria aina ya Neptune, na rada yake ilikuwa ya familia hiyohiyo ya APS-20 ambayo Waingereza walikuwa wameiteremsha kutoka kwenye manowari zao miaka mitatu na nusu kabla.

Baada ya hapo mafundi walifunga rada ya Searchwater ubavuni mwa helikopta mbili za Sea King, ndani ya kuba la kitambaa linalojazwa upepo, kwa majuma 11. Zilipofika Atlantiki ya Kusini vita vilikuwa vimekwisha. Majuma 11 yanasifiwa sana, na yanastahili. Lakini yaliwezekana kwa sababu rada ilikuwepo, helikopta zilikuwepo, na waliowahi kufanya kazi hiyo kwenye Gannet walikuwa bado hai na karibu.

Funzo la pili linawauma wa upande wa pili, wale wanaosema ndege ya zamani iendelee tu hadi mpya ifike. Mpya ya wakati ule iliitwa Nimrod AEW3. Mwaka 1977 serikali iliamua kubadili Nimrod 11, ndege ya doria iliyotokana na ndege ya abiria ya Comet, kwa kuweka rada moja puani na nyingine mkiani. Wazo lilipendeza kwenye karatasi: hakuna sahani mgongoni, hakuna bawa linaloziba. Ugumu ukaja kwenye kuunganisha. Antena ya mbele ilifagia nusu yake ya duara, ya nyuma ikapokea nusu iliyobaki, na kompyuta ilipaswa kuhakikisha kwamba shabaha iliyotoka upande mmoja ndiyo ileile iliyoingia upande wa pili. Kompyuta ilizidiwa. Magari yaendayo kasi barabarani yalihesabiwa kuwa ndege, orodha ya shabaha ikajaa takataka. Joto la mitambo lilipelekwa kwenye mafuta ya mabawani, kwa hiyo kadiri mafuta yalivyopungua safarini, pa kulimwagia joto palipungua pia. Desemba 1986 mradi ulifutwa baada ya kumeza karibu pauni bilioni moja, na Boeing ikapewa oda ya Sentry.

Miaka yote hiyo Kikosi Namba 8 kiliendelea kurusha Shackleton, zilizobaki sita tangu 1981. Tarehe 30 Aprili 1990 mojawapo iligonga kilima kwenye kisiwa cha Harris na kuua wote 10 waliokuwamo, kamanda wa kikosi akiwa miongoni mwao. Sisemi uzee wa ndege ndio uliowaua. Mawingu ya chini na kilima hayachagui ndege. Nasema kwamba kuendelea na mashine ya zamani si chaguo la bure, na mwenye kulipendekeza alitaje na gharama yake.

Sentry saba zilianza kuingia 1991, na kikosi kikahamia Waddington. Hii ilikuwa dunia nyingine. Sahani ya mita 9.1 inazunguka mara 6 kwa dakika, rada inatofautisha kitu kinachotembea na ardhi iliyo chini yake, kompyuta inafuatilia yenyewe, na picha inarushwa kwa mtandao wa data badala ya kusomwa kwa sauti. Wahudumu walikuwa 18. Zilipata injini za CFM56, na tofauti na za Wamarekani ziliweza kupokea mafuta angani kwa njia zote mbili: mkonga, yaani mpira mrefu unaoburutwa na ndege ya mafuta, na bomba gumu. Bosnia, Kosovo, Afghanistan, Iraq, Libya: zilikuwepo kote.

Kilichoziangusha ni mambo mawili. Bodi zake, za ndege ya Boeing 707, zilikuwa miongoni mwa za mwisho kabisa kutengenezwa, hivyo kila mwaka vipuri viliadimika. Pili, Marekani ilipobadilisha kompyuta za Sentry zake, na Ufaransa ikafuata, Uingereza ilibana mkono. Ndege ikabaki na ubongo wa mwaka 1991. Mwishoni mwa 2016 zote zilikaa chini kwa tatizo la nyaya za umeme, na mwaka 2019 mbili zikaondolewa moja kwa moja. Ukiuliza kwa nini zisiongezewe miaka mitano, jibu ni kwamba kompyuta mpya na nyaya mpya zingegharimu fedha nyingi kwa ndege chache zinazokwenda kaburini. Wapinzani hutaja Chile, iliyonunua tatu kati ya hizo na kuendelea kuzirusha. Ni kweli, lakini Chile ilichukua ya tatu kwa ajili ya kuikata vipuri, na kazi yake si kukabili ulinzi wa anga wa Urusi.

Kwa hiyo kuistaafisha, sawa. Pengo nalo lilipunguzwa makali kwa hatua moja ya busara: baadhi ya watu wa rada walipelekwa kwa Waaustralia, ambao wamekuwa wakirusha Wedgetail zao sita kwa zaidi ya muongo. Ufundi huu unakufa haraka kuliko chuma. Mwelekezi anayesimamia mapambano manane kwa sauti tulivu hachukuliwi rafuni kama bidhaa. Akikaa miaka mitatu bila kazi unaanza naye upya.

Sasa tatu badala ya tano. Mkataba wa Machi 2019 ulikuwa wa ndege tano. Machi 2021 mbili zilikatwa. Kamati ya Ulinzi ya Bunge ilipopiga hesabu mwaka 2023 ilionyesha kwamba ndege zilipungua kwa asilimia 40 huku gharama ikipungua kwa asilimia 12 tu, na ikaliita jambo hilo upumbavu mtupu. Watetezi wanasema Wedgetail ni Boeing 737, ndege isiyokaa gereji sana. Rada yake imesimama palepale na kuelekeza miale kwa umeme, hivyo haina sahani wala beringi za kulika, na inaweza kukodolea macho shabaha moja bila kungoja sekunde 10 za mzunguko. Wapo pia wanaotazama mbele zaidi: mwaka 2025 Pentagon yenyewe ilipendekeza kuachana na Wedgetail na kuelekea satelaiti, pamoja na hofu kwamba ndege kubwa namna hii haiwezi kusalimika mbele ya makombora ya masafa marefu. Hoja hizo si za kupuuzwa.

Lakini chukua kalamu. Wedgetail inakaa angani saa 10 hivi. Ikitumia mbili kwenda na mbili kurudi, kazini ni saa 6, kwa hiyo siku moja ya ulinzi usiokatika inataka safari nne. Katika ndege tatu, moja itakuwa imefumuliwa kwa matengenezo makubwa. Mbili zilizobaki zitaruka safari mbili kila moja: saa 20 hewani, na saa 4 za kukagua, kujaza mafuta na kubadili wahudumu. Utaweza siku mbili, pengine tatu. Pampu moja ikigoma, duara limekatika. Na mafunzo ya wahudumu wapya yatafanyika kwenye ndege ipi?

Utasema ijazwe mafuta angani ikae zaidi. Wedgetail inapokea kwa bomba gumu peke yake, na Voyager, ndege za mafuta za Uingereza, zinatoa kwa mkonga peke yake. Itabidi kuomba kwa Wamarekani, jambo ambalo Sentry ya 1991 haikulihitaji.

Rada tano zilikuwa zimekwishanunuliwa kabla ya kupunguza, kwa hiyo mbili zipo zinangojea. Kinachokosekana ni bodi za kuzibebea, na 737 za kizazi kile hazitengenezwi tena kwa ajili ya abiria. Hata kati ya tatu zinazofungwa sasa, mbili zilinunuliwa zikiwa mitumba.