Nilivyoyaita Maji Mma Nikiwa Nimeyabeba Mgongoni

Swahiba wangu alipojiandikisha katika shindano la kutembea kilomita 100 ndani ya saa 24, nilimpongeza kwa moyo mkunjufu, kama mtu anavyompongeza mwenzake kwa jambo lisilomhusu yeye mwenyewe. Sikujua kwamba pongezi zangu zingehesabiwa kuwa ahadi. Katika wiki ya sita ya mazoezi yake alikuja na ramani, akaikunjua juu ya meza yangu bila hodi, akaniwekea kidole kwenye kilima ambacho mistari yake ya kontua ilikuwa imebanana kama meno ya kitana. Kila mstari, alinieleza, ni mita 20 za kupanda. Nilianza kuihesabu, nikaachia njiani baada ya thelathini na kitu. Kwa jumla, alisema, kupanda ni mita 900, kwenda na kurudi ni kilomita 22, na alichohitaji kwangu ni mtu wa kuzungumza naye tu.

Ni lazima nieleze kwamba rafiki yangu huyu haamini kitu kisicho na tarakimu. Aliniambia kuwa tungefika kileleni kwa saa 3 na dakika 42, na nilipocheka zile dakika 42 alinisomea kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo humpa mtembeaji saa 1 kwa kila kilomita 5 na saa 1 ya nyongeza kwa kila mita 600 anazopanda. Piga hesabu mwenyewe utaona haikosei. Tatizo ni kwamba Bwana Naismith, katika hesabu zake, hakuniweka mimi.

Shindano lenyewe halimtaki mtu abebe mzigo wowote mkubwa, lakini swahiba alikuwa ameamua kufanya mazoezi na kilo 12 mgongoni ili siku ya shindano ajione kama unyoya. Mzigo wake ulikuwa maji: chupa sita za lita mbili mbili, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja na hakuna haja ya mizani. Uzuri mwingine wa maji, alisema, ni kwamba mtu huyapandisha hadi kileleni, akayamwaga huko, akashuka mtupu, kwa sababu kushuka na uzito huumiza magoti. Alizifunga chupa zile kwa taulo zisigongane, akazipanga zikaegemea upande wa mgongo. Mimi aliniazima begi lake la pili, ndugu pacha wa lile la kwanza, nami nikatia sweta, koti la mvua, chakula chetu wote wawili, na mto mdogo wa kulalia. Naomba nisihukumiwe kwa ule mto. Nilikuwa na matumaini kwamba pale juu kungekuwa na mahali pa kujinyoosha wakati mwenzangu akiandika takwimu zake.

Tulianza saa 11 alfajiri, giza bado limetanda na manyunyu yakidondoka. Swahiba aliyavisha mabegi yote mawili vifuniko vya mvua vya rangi ya chungwa, akavikaza kwa kamba, akapiga marufuku kuvifungua kabla ya kileleni, kwa hoja kwamba mtu anayefungua begi njiani hutafuta kisingizio cha kupumzika. Maji ya kunywa tulishika mkononi, kila mmoja nusu lita. Kisha akatoa mabegi kwenye buti la gari, akanivika moja, akajitwika jingine, akaruka-ruka mara mbili tatu kulijaribu.

“Unaona, ndugu yangu?” akasema kwa sauti iliyojaa furaha. “Wiki sita zilizopita nilikuwa siwezi kulinyanyua begi hili bila kuguna. Leo silisikii kabisa.”

Mimi langu nilikuwa nalisikia. Nililisikia mabegani, nikalisikia kiunoni, na baada ya nusu saa nikalisikia hadi kwenye meno. Hata hivyo sikuwahi kubeba begi la mlimani maishani mwangu, wala sikujua sweta na mto hupaswa kuwa na uzito gani mtu anapopanda. Kumlalamikia mtu aliyebeba kilo 12, tena anayepiga mluzi, kuhusu uzito wa mto wangu lilikuwa jambo ambalo heshima yangu haikuliruhusu. Niliinama nikaendelea, macho yangu yakiwa kwenye visigino vyake, ambavyo vilizidi kuwa vidogo.

Kila penye kona nilimkuta ameketi juu ya jiwe akinisubiri, daftari mkononi. Alinipa nasaha kwa upole wa daktari: nifupishe hatua, nipumue kwa pua, nisiegemee mbele mno. Saa ya pili maji yangu yalikwisha, na ya tatu tulimaliza yake. Ndipo kiu iliponishika sawasawa, ulimi ukawa kama kipande cha ngozi ya ngoma, nami nikaanza kuyaita maji mma. Mbaya zaidi, katika ile kiu nilianza kusikia maji. Kila nilipokanyaga nilisikia *chubwi*, nikisimama nayo inasimama, nikitembea nayo inaanza upya. Nilimweleza mwenzangu, akafikiri kidogo, akasema ni tumbo. Baadaye nilihisi baridi ya majimaji ikiniteremkia uti wa mgongo mpaka kwenye suruali, nikamweleza hilo pia kwa aibu, naye akasema hilo ni jasho baridi, dalili ya mwili usiozoea mazoezi, na dawa yake ni kunywa maji mengi.

Niliona kilele mara tatu. Mara mbili za kwanza kilikuwa kigongo tu kilichojifanya kilele, na nilipokifikia nikakuta kingine kimesimama nyuma yake kinaningoja. Kile cha kweli tulikifikia saa nne na nusu, karibu saa mbili nje ya kanuni ya 1892, huku upepo ukitupiga kwa baridi ambayo chini haikuwepo. Nilijitupa chali juu ya begi langu, nikashangaa lilivyo gumu kwa kitu chenye mto ndani yake.

Swahiba, kwa upande wake, alipiga magoti kwa taadhima kama mtu anayefanya ibada, akafungua kamba, akavua kile kifuniko cha chungwa ili atoe chupa zake azimwage. Aliingiza mkono, akautoa na mto. Aliutazama ule mto kwa muda mrefu sana. Wahenga walituambia kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuishikilia methali hiyo kwa mikono miwili kama alivyoishikilia yeye siku ile.

Sikungoja maelezo. Nilirarua kifuniko changu, nikafunua taulo iliyolowa chapachapa, nikazikuta zote sita zimejipanga, moja ikivuja kifunikoni. Niliidaka ya kwanza nikainywa bila kupumua. Nilipokuwa nimeteremsha kama lita moja na nusu, nilihisi mkono begani.

“Usinywe sana, bwana,” alisema swahiba kwa uchungu wa kweli. “Unaniharibia uzito.”

Kwa kuwa kitabu chake cha mazoezi kilikuwa tayari na nafasi ya kilo 12 za siku ile, na kwa kuwa yeye ni mwaminifu kiasi cha kuchosha, alikataa katakata kuyamwaga. Aliamua kuyashusha. Nilimkumbusha habari ya magoti, maneno yake mwenyewe ya asubuhi, lakini alikwisha kujitwika, na safari hii aliguna. Misuli ya mapaja katika kushuka hufanya kazi ya breki, ikivutika huku imebeba uzito wote, na ndiyo maana maumivu yake humvizia mtu hadi kesho au keshokutwa. Yake hayakusubiri kesho. Mimi niliteremka na mto wangu mgongoni kama mwanambuzi, nikawa namngoja kwenye kila kona, juu ya yale mawe yake mwenyewe, na kila alipofika nilimshauri kwa upole afupishe hatua.

Tulifika garini magharibi. Maji yale yalikuwa yamepanda kilima juu ya mgongo wangu na kushuka juu ya mgongo wake, pungufu ya lita moja na nusu niliyoinywa na ile kidogo iliyonywewa na suruali yangu. Swahiba alikaa kwenye ukingo wa buti la gari, akatazama viatu vyake vilivyojaa matope, akafungua chupa, kisha akaniomba nimshikie, niiinue juu kidogo, ili aweze kuosha miguu yote miwili kwa pamoja.